Mzee wa Mashairi Aliyefanya Jeshi la Watu 15,000 Lifunge Virago: Stori ya Hosokawa Yūsai

Kama uliangalia Shōgun, ile tamthilia ya 2024 iliyobeba Emmy 18 mwaka mmoja, basi unamkumbuka Mariko. Huwezi msahau. Pia unamkumbuka yule mzee Hiromatsu, mkono wa kulia wa Toranaga, uso kama jiwe, maneno machache. Kama hujafika episodi ya nane sitakuharibia utamu. Nitasema tu kwamba kile kilimpata huyo mzee kwa skrini hakikumpata msee aliyetolewa kwake.

Juu hao wote wametolewa kwa watu walioishi kweli. Toranaga ni Tokugawa Ieyasu. Mariko ni Hosokawa Tama, dada ambaye akibatizwa aliitwa Gracia. Na Hiromatsu amejengwa juu ya babamkwe wake Tama, Hosokawa Fujitaka, ambaye baadaye alijiita Yūsai. James Clavell alipoandika kitabu chake mwaka 1975 alimchukua huyu mzee akamfanya jenerali tu wa kawaida, mwaminifu, basi. Ile part kali kuliko zote akaiacha nje: mwaka 1600 mzee alizingirwa ndani ya ngome na wasee 15,000, yeye akiwa na kama 500, na kilichomwokoa ni mashairi. Si ati ametunga moja kali likawagusa roho. Ni mashairi ambayo yalikuwa kwa kichwa chake, na hakuna mwingine alikuwa nayo.

Wacha nianze mwanzo ndo ushike rada.

Fujitaka alizaliwa Kyoto 1534. Ni mwaka huohuo alizaliwa Oda Nobunaga, mkitaka kujua ilikuwa mwaka wa watu wa aina gani. Kyoto ya wakati huo haikuwa ile ya kwenye picha za watalii. Vita vya Ōnin vilikuwa vimeunguza nusu ya mji miaka ya 1467 hadi 1477, na tangu hapo kila mzito wa mkoa alikuwa na jeshi lake na sheria zake. Juu kulikuwa na Mfalme Mkuu, mtukufu sana, lakini hana askari na hana ganji. Chini yake shogun wa ukoo wa Ashikaga, ambaye kwa makaratasi ndiye anatawala nchi. Kwa ukweli alikuwa kama mwenye ploti ambaye keateka ndiye anakusanya rent, na akiuliza anaambiwa arudi wiki ijayo.

Huyo shogun ndiye alikuwa mdosi wa Fujitaka. Mtoi alizaliwa kwa familia moja ya wahudumu wa shogun, akachukuliwa na nyumba ya Hosokawa, jina kubwa la zamani lililokuwa limeanza kusota. Akafunzwa upanga, upinde, farasi, na zile adabu za ikulu, nani anakaa wapi na nani anainama kiasi gani.

1565 mambo yakachemka. Wasee wa ukoo wa Miyoshi na watu wao wakavamia ikulu ya Shogun Ashikaga Yoshiteru wakamuua palepale. Mdogo wake alikuwa mtawa wa Kibuddha huko Nara, na hapo hekaluni akawekewa ulinzi usiku na mchana. Fujitaka akawa kati ya wale walimtorosha. Miaka mitatu wanahepa na huyo mrithi, mlango hadi mlango, wakitafuta mzito yeyote mwenye jeshi akubali kuwarudisha Kyoto. Wengi walikuwa na karamu na maneno matamu. Hakuna aliyetoka.

Kuna stori husimuliwa ya siku hizo, kwamba alikuwa amesota hadi hana mafuta ya taa ya kusomea usiku, akawa anaenda kwa hekalu kuiba mafuta ya taa za miungu. Iwe kweli ama chumvi, Wajapani wameihifadhi, na mimi naielewa. Nilimaliza kitabu changu cha kwanza kizima nikisomea kwa taa ya ngazi za ploti, juu tokeni zilikuwa zimeisha.

Nobunaga ndiye alikubali hatimaye. 1568 akaingia Kyoto na jeshi, akamweka yule mtawa wa zamani, Yoshiaki, kuwa shogun. Miaka mitano mbele hao wawili wakakosana. Na hapa ndipo lazima niseme kitu ambacho mashabiki wa samurai hawapendi kusikia: Fujitaka alimwacha shogun wake. Huyu ni mtu alimbeba nje ya Nara, akalala njaa naye miaka mitatu, na 1573 kivumbi kilipoanza alikuwa upande wa Nobunaga. Yoshiaki akafukuzwa Kyoto, na miaka zaidi ya 200 ya Ashikaga ikaishia hapo.

Ni usaliti? Ukiniuliza, ndio, kiasi. Lakini pia alikuwa amemjua Yoshiaki kwa karibu kuliko mtu yeyote, na alikuwa ameona venye hiyo gari haina breki. Baada ya Nobunaga alitumikia Hideyoshi, na baada ya Hideyoshi, Ieyasu. Wadosi wanne, zama nne, kichwa bado iko shingoni. Wengi wa rika lake hawakufika hapo.

Nobunaga akampa shamba upande wa magharibi wa Kyoto pamoja na ngome ya Shōryūji. Na ni miaka hiyo, katikati ya kampeni moja na ingine, alianza kujifunza ile kitu ingekuja kumwokoa.

Twende polepole hapa. Kuna mkusanyiko wa mashairi unaitwa Kokinshū. Ulitayarishwa kwa amri ya Mfalme Mkuu Daigo mwaka 905 hivi, una mashairi kama 1,100, mafupi mafupi, karibu yote ya silabi 31. Kwa miaka mia kadhaa ndio ulikuwa kipimo cha kila kitu: ukitaka kuandika barua ya mapenzi, ukitaka kuomba kazi ikulu, ukitaka kuonekana umelelewa, lazima uwe umeyameza. Shida ni kwamba lugha hubadilika. Kufika enzi za Fujitaka mashairi yalikuwa na miaka zaidi ya 600 na kuna maneno ndani hakuna mtu aliyajua tena. Kuna ndege watatu wanatajwa, kwa mfano, na hakuna aliyekuwa na uhakika ni ndege gani.

Kukazuka basi familia chache za walimu zenye majibu. Majibu hayo hayakuandikwa hovyo. Mwalimu alimpa mwanafunzi mmoja aliyemwamini, uso kwa uso, kwa kiapo cha kutotoa nje, na mwishoni anampa cheti. Hiyo ndiyo waliita Kokin Denju, mapokezi ya Kokinshū. Thamani yake ilikuwa kwa kile kilichomo, na pia kwa mnyororo wenyewe: huyu alifunzwa na huyu, aliyefunzwa na huyu, hadi nyuma kabisa.

Miaka ya 1570 mnyororo wa ikulu ulikuwa kwa bwana mmoja wa ukoo wa Sanjōnishi, jina lake Saneki. Alikuwa mzee na mtoto wake bado mdogo. Akaogopa akidedi kabla kijana hajakomaa kila kitu kitaisha. Kwa hivyo akafanya kitu ambacho mabwana wa ikulu hawakuwa na mazoea nacho: akampa askari. Fujitaka akala kiapo kwamba ataishika kama amana na atairudisha kwa ukoo wa Sanjōnishi. Saneki akafa 1579. Fujitaka akatimiza, akamfunza yule mtoto. Halafu mtoto naye akafa 1587, bado kijana.

Kwa hivyo amana ikabaki kwa mshika-amana.

Usidhani lakini alikuwa mtu wa kukaa na kalamu tu. Alicheza ngoma za maigizo ya Noh vizuri hadi wataalamu wakamheshimu. Alijua chai, alijua kupika na kukata samaki mbele ya wageni kwa zile kanuni zao, alikuwa moto kwa upinde. Kuna mpaka stori eti alishika fahali kwa pembe barabarani akamsimamisha. Mtoto wake Tadaoki alikuwa mwanafunzi wa karibu wa Sen no Rikyū, yule bingwa wa chai, na Hideyoshi alipomfukuza Rikyū mwaka 1591 na kila mtu akaogopa hata kumsalimia, Tadaoki na Furuta Oribe ndio walienda mtoni kumuaga. Ilikuwa familia ya hivyo. Pia ilikuwa familia ya damu; Tadaoki alikuwa na hasira mbaya sana, na kwa tamthilia Buntaro hajaongezewa chumvi nyingi.

Sasa Tama. Baba yake alikuwa Akechi Mitsuhide, beste wa Fujitaka kutoka zile siku za kusota. Watoto wao walioana 1578. Halafu Juni 1582 Mitsuhide akamgeuka Nobunaga, akamzingira hekaluni Honnō-ji, na Nobunaga akafa humo. Asubuhi yake Mitsuhide ndiye mwenye Kyoto. Na mtu wa kwanza alitarajia amuunge mkono ni nani? Beste wake. Mkwe wake. Si ni familia?

Fujitaka akanyoa nywele.

Hiyo ndiyo jibu alitoa. Akanyoa kichwa kama mtawa, eti anaomboleza Nobunaga, akamwachia Tadaoki uongozi wa mkoa wa Tango, akajipa jina jipya la kidini, Yūsai. Barua ya Mitsuhide bado iko, inatunzwa na familia ya Hosokawa hadi leo. Anawaambia kwamba mara ya kwanza alikasirika kusikia wamekata nywele, lakini akifikiria anaelewa. Kisha anaanza kuahidi mikoa: chukueni huu, mkitaka ule pia sawa. Ukiisoma unaona mtu anazama. Hawakwenda. Chini ya wiki mbili baada ya Honnō-ji, Hideyoshi alimchapa vitani huko Yamazaki, na Mitsuhide akauawa akitoroka.

Tama akawa binti wa msaliti mkuu wa Japani. Wakamficha milimani ndani ya Tango kama miaka miwili. Alirudi, na mwaka 1587 akabatizwa kwa siri.

Basi tufike 1600. Hideyoshi ameshakufa, nchi imegawanyika: Ieyasu mashariki, Ishida Mitsunari na mbogi yake magharibi. Tadaoki ameenda mashariki na Ieyasu akiwa amebeba karibu askari wote. Mitsunari akaamua kukusanya wake za wazito Osaka kama mateka, akaanza na Tama. Akakataa kutoka. Mumewe alikuwa ameacha amri kwamba ikifika hapo afe, na kwa kuwa dini yake ilimkataza kujiua, mtumishi wa nyumba ndiye alimmaliza, kisha nyumba ikachomwa. Alikuwa na miaka 37 hivi.

Siku chache tu baada ya hapo jeshi la watu 15,000 likaingia Tango. Huko nyumbani kulikuwa na Yūsai, miaka 66, amestaafu, ana wasee kama 500, na si wote ni askari wa maana. Akachoma ngome yao ya Miyazu isiwafae maadui, akakusanya kila mtu ndani ya Tanabe, pale ambapo leo ni mji wa Maizuru. Akafunga lango.

Hesabu hiyo haina ujanja. Thelathini kwa mmoja. Ilifaa iishe kwa siku tatu.

Haikuisha. Sababu moja inachekesha kidogo: kati ya makamanda waliokuja kumuua kulikuwa na wanafunzi wake wa mashairi. Inasimuliwa kwamba kuna waliokuwa wakipiga mizinga bila kuweka risasi ndani. Mshindo mwingi, moshi mwingi, ukuta mzima.

Na Kyoto wakaanza kutetemeka. Si kwa sababu ya Tango, nani anajali Tango. Mapema mwaka huohuo Yūsai alikuwa ameanza kumfunza Kokin Denju Mwanamfalme Toshihito, mdogo wake Mfalme Mkuu Go-Yōzei, kijana wa miaka 21. Masomo yalikuwa hayajaisha vita vilipolipuka. Sasa mwalimu yuko ndani ya ngome itakayoanguka, na akianguka nayo, mnyororo wa mamia ya miaka umekatika. Toshihito akatuma mtu: mzee, tafadhali, jisalimishe, toka hai.

Yūsai akakataa. Alisema ni samurai na hapa ndipo atafia. Lakini akachukua sanduku la maandishi yote ya siri, akaweka na cheti cha kuthibitisha kwamba Toshihito amepokea, akaongeza shairi lake mwenyewe, akampa mjumbe aende nalo. Alikuwa amefunga mzigo, amelipa deni, yuko tayari kwa mwisho.

Mimi hapa ndipo huyu msee alininasa. Shosh yangu alikuwa anajua majani ya kila kitu, ya tumbo, ya mtoto asiyelala, ya ng'ombe aliyekataa kuzaa. Tulikuwa tunaenda ocha Disemba tunamcheki akichemsha tunacheka. Hakuna aliyeuliza jina la hata jani moja. Alipoaga tulibaki na sufuria. Kwa hivyo nikisoma venye mwanamfalme wa miaka 21 alipanic juu ya mzee mmoja, sioni ni maigizo.

Kuwa na sanduku na kuwa na mwalimu ni vitu viwili tofauti, na ikulu ilijua. Go-Yōzei akafanya kitu cha ajabu. Huyu ni mtu hana askari hata mmoja wa kutuma vitani. Akatoa amri ya kifalme, kwa pande zote mbili, vita vya Tanabe viishe. Akawatuma mabwana watatu wa ikulu, Karasuma Mitsuhiro, Nakanoin Michikatsu na Sanjōnishi Saneeda, mjukuu wa yule Saneki aliyetoa amana. Wote watatu ni watu wa mashairi. Wakatembea hadi kwa jeshi la watu 15,000 na karatasi, na jeshi likaacha kupiga.

Mbele ya amri hiyo hata Yūsai hangeweza kukataa. Akatoka Septemba kwa kalenda yao ya zamani, baada ya siku karibu 50, akapelekwa Kameyama chini ya ulinzi.

Siku chache tu baadaye ikapigwa Sekigahara, vita vilivyoamua nani atakalia Japani kwa miaka 250 iliyofuata. Ieyasu akashinda. Na wale 15,000 wa Tango? Hawakufika. Wakati nchi inaamuliwa walikuwa wanatoka kumzingira mwalimu wa mashairi. Siwezi kuapa kwamba wangegeuza matokeo, juu upande wa Mitsunari ulikuwa na wasaliti wake tayari. Lakini watu 15,000 si watu wachache.

Inasemekana Tadaoki alimkasirikia baba yake kwa kukubali kutoka hai. Bibi amekufa, mzee ametoka. Hasira yake aliimalizia kwa Onoki, kamanda wa kuzingira Tanabe, akamfuata hadi Fukuchiyama na Onoki akalazimika kujiua. Ieyasu naye akamlipa Tadaoki kwa kumpa Kokura, eneo la karibu koku 400,000. Koku moja ni mchele wa kulisha mtu mmoja mwaka mzima, piga hesabu mwenyewe. Familia imeomoka.

Yūsai alibaki zaidi Kyoto. Ieyasu alimtumia kama kamusi ya adabu za zamani, juu yeye ndiye alikuwa amebaki kati ya waliokua ndani ya ikulu ya Ashikaga. Amana ya Saneki akairudisha kwa mjukuu, Saneeda, kama alivyoapa. Akafa 1610. Toshihito, yule mwanafunzi, ndiye alianza kujenga Katsura, ile nyumba na bustani ambayo wasanifu majengo wa dunia nzima huenda kushangaa, na 1625 akampa Mfalme Mkuu Go-Mizunoo hayo mapokezi. Mnyororo ukaingia ndani ya ukoo wa kifalme wenyewe.

Na siri ilikuwa inasema nini hasa? Hapo ndo utacheka. Wasomi walipokuja kuyachambua baadaye, wengi waliona ni maelezo ya kawaida na mengine ya kubuni tu. Wale ndege watatu bado wanabishaniwa. Mwaka 1898 mshairi Masaoka Shiki aliandika wazi kwamba Kokinshū yenyewe haina maana. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba jeshi lile lilisimamishwa kwa ajili ya majina ya ndege yasiyo sahihi. Mimi bado niko upande wa Go-Yōzei. Mwaka 1600 hakuna aliyejua hilo, na njia ya kulijua ilikuwa ni kwanza isipotee.

Hosokawa walihamia Kumamoto 1632 wakatawala hapo hadi enzi za mabwana zikaisha. Kile chumba ambacho Toshihito alifunziwa kilihamishwa kutoka Kyoto, na 1912 kikajengwa upya ndani ya bustani ya Suizenji hukohuko Kumamoto. Paa la nyasi, mbele yake bwawa. Ukilipa wanakuletea chai na kitu kitamu, unakaa hapo kwa mkeka.

Na kama unajiuliza damu iliishia wapi: Agosti 1993 Japani ilipata waziri mkuu aliyemaliza miaka 38 ya chama kimoja madarakani. Jina lake Hosokawa Morihiro, wa ukoo huohuo. Alidumu miezi minane, akajiuzulu. Alipofika miaka 60 aliacha siasa, akajifunza kufinyanga, na sasa anajulikana zaidi kwa vikombe vyake vya chai.